Chini Mraba, Juu Duara

Ileje, milimani
4 Desemba 1983

Mume wangu Gwakisa,

Barua yako imefika. Athuman wa malori, yule Mwislamu wa Tunduma, aliitoa posta akampa mama yako Yunisi siku ya soko pale Mlowo. Yunisi akaileta kifuani kama mtoto mchanga.

Salamu kwanza, maana adabu nilikufundisha mimi. Hatujambo. Ng'ombe hajambo. Mama yako hajambo, bado ananinyatia humu ndani kama mimi ni chui, na nimeshamwambia kwamba tangu babako afariki yeye ndiye mwanangu, si mkaza mwana. Hasikii. Akitaka kupita mbele yangu anazunguka nyumba nzima. Sabuni hakuna. Duka la kijiji lina viberiti na mfagio mmoja. Tunafua kwa majani ya mpapai, na Jumapili kanisani wote tunanuka bustani.

Sasa. Umeandika kurasa na kurasa. Nimeelewa kwamba umekula jibini na hukuipenda. Baada ya hapo nimepotea. Unasema uko shule ya mafundi huko Uswisi, sawa. Unasema unakata chuma kwa uzi. Nikamwita Yunisi anisomee, labda nimekosea mimi. Akasoma vilevile: uzi. Gwakisa, mimi sikwenda shule. Herufi nilizipata kisomoni, ukubwani, kwa mwalimu mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Lakini chuma nakijua, nimeshika jembe kabla sijajua kufunga kanga. Chuma hakikatwi na uzi. Uzi ndio unaokatwa, na haya meno yangu mawili yaliyobaki.

Kama wamekudanganya, sema. Kama unanidanganya wewe, pia sema, maana wewe ndiye uliyeniambia zamani kwamba mbuzi kala kaptula ya shule.

Nataka kujua. Huo uzi nani kaushika? Kwa nini haukatiki? Na hicho kitu ulichokosea, mpaka unaogopa kunyimwa cheti, ni kitu gani? Niandikie kama unaniandikia mimi, si kama unamwandikia mkaguzi. Na hao wasichana wa Kizungu waambie una mke nyumbani, ana wivu, na ana fimbo.

Mke wako wa kwanza,
Bibi Roda

———

Uswisi
8 Januari 1984

Mke wangu mkali, shikamoo,

Sijadanganya. Uzi wenyewe ni wa shaba, mwembamba kama unywele, na haugusi chuma kabisa. Ukikaribia, umeme unaruka kutoka kwenye uzi kwenda kwenye chuma, cheche ndogo ndogo ndani ya maji, na kila cheche inang'ata punje ya chuma. Uzi wenyewe unaliwa pia, ndiyo maana unapita tu, mpya unaingia juu, uliotumika unatoka chini. Nikiweka sikio karibu nasikia kama mafuta yanayokaanga vitumbua.

Umeuliza nani kaushika. Hapo ndipo pagumu. Umeshikwa mahali pawili, juu ya chuma na chini ya chuma. Kishikio cha chini kinafuata mchoro wake, cha juu kinafuata mchoro wake. Vikifuata mchoro mmoja, unapata shimo la kunyooka, kila mtu anaweza. Mimi nimepewa mchoro wa chini ambao ni mraba, na wa juu ambao ni duara.

Kwa nini? Kwa sababu ya majani yako ya mpapai, Bibi. Pale Mbeya karakana yetu inaunda mashine ya sabuni. Mwili umekamilika, kinachokosekana ni kinywa. Sabuni inasukumwa ikiwa nene na ya mviringo, inatakiwa itoke nyembamba na ya pembe nne, mche mrefu wa kukatwa vipande. Kinywa hicho ndicho mtihani wangu. Nikikikata vizuri napata cheti na kinywa kinakwenda nyumbani nami. Nikikosea, ile mashine itabaki imefumba mdomo, na mimi nitarudishwa kufagia vyuma.

Nimeshakosea mara moja. Mraba ulikuwa safi, duara lilikuwa safi, lakini katikati ukuta wa shimo ulijiviringa kama nguo iliyokamuliwa. Vishikio viliondoka pamoja na vikarudi pamoja, ila njiani kila kimoja kilikuwa na safari yake. Mzee Brunner, fundi wetu mkuu, alichungulia ndani, akanirudishia. "Kibona," akasema, maana huku tunaitwa kwa jina la ukoo, "sabuni ikitoka humu itakuwa na kizunguzungu."

Kimebaki kipande kimoja cha chuma kile kigumu. Nitakikata mwezi wa sita. Naogopa.

Mumeo,
Gwakisa

———

Ileje
19 Februari 1984

Mume wangu,

Kumbe ni radi! Ungesema mwanzo. Radi ndogo, iliyofungwa kamba, ndani ya maji. Nimemweleza Yunisi, nimemweleza mke wa katekista, nimemweleza ng'ombe. Ng'ombe ndiye aliyeamini.

Nina maswali, kaa chini. Kwa nini maji hayazimi radi? Samaki akitumbukia je? Uzi ukikatika katikati ya kazi, unaufunga fundo au unaanza upya na matusi? Na hili ndilo linaloninyima usingizi: pale wa chini anapofika kwenye kona ya mraba, wa juu anafanya nini? Maana juu hakuna kona. Anamngoja mwenzake? Anapita zake? Nani anamngoja nani?

Nimelifikiria hili nikiwa nasuka, nikacheka mpaka Yunisi akaja mbio akidhani ninalia. Chini mraba, juu duara. Mume wangu, hicho ni kikapu! Kitako cha kikapu chetu kina pembe nne, mdomo ni pete ya mviringo, na hakuna mwanamke hapa milimani aliyewahi kunyimwa cheti. Lakini usiniulize nafanyaje. Nilijaribu kujitazama mwenyewe nikisuka ili nikueleze, nikapotea, nikafumua kutwa nzima. Mkono unajua ukiachwa. Ukiulizwa unanuna.

Basi nakuletea kimoja, ukiulize chenyewe. Sista Lena wa misheni anakwenda likizo kwao, huko huko uliko. Nimemkabidhi jana barazani. Nimekisuka kwa fito za mianzi nilizochana mwenyewe, hakuna mkono wa mtu mwingine. Ni kikapu cha kumpa mkeo wa pili, utakapompata, lakini kwa sasa kitumie kwa shida.

Mengine ni ya kawaida. Mwaka huu jua lina ukungu hata saa sita mchana, sijui dunia imeingiwa na nini. Na wino wanaouza Mlowo siku hizi ni maji matupu, ukiandika hauonekani. Lakini vikapu vyangu vinapendwa. Yunisi akivipeleka sokoni anarudi mikono mitupu.

Kula. Jibini pia ni chakula.

Mke wako,
Roda

———

Uswisi
25 Machi 1984

Bibi yangu, mwalimu wangu,

Sista Lena alituma kikapu kwa posta ya huku, kimefika hakijabonyea. Nimekikodolea macho wiki nzima. Leo nimeelewa ulichofanya, na nimeruka mpaka dada anayekaa chumba cha chini akagonga dari kwa ufagio.

Mwanzoni nilishangaa. Kitako safi, mraba. Mdomo safi, duara. Lakini tumbo limejipinda, kama mtu aliyeitwa akageuka na miguu ikabaki. Ndivyo kilivyokuwa chuma changu! Nikakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye pete ya mdomo nikaona alama za makaa, umezichora wewe, moja kwa kila pembe ya kitako. Na kila ufito wa pembe umepita alama yake kidogo, zote upande mmoja. Bibi! Umeweka pa kufikia, halafu ukapapita kwa makusudi, ili nione kitakachotokea!

Sasa nakujibu swali lako. Hakuna anayemngoja mwenzake, na hilo ndilo lililoniponza. Mashine tunaiambia la kufanya kwa utepe wa karatasi wenye matundu, inayasoma moja moja. Mraba niliueleza upande kwa upande. Duara nililieleza kwa pumzi moja, zunguka urudi, na mwanzo wake haukuwa mkabala na kona. Mashine haina akili ya kujua kona yangu inaelekea wapi huko juu, ikagawa ilivyoona. Mara hii duara nalikata robo robo. Kila robo inaanza mkabala na kona na kuishia mkabala na kona. Wa chini akimaliza upande mmoja, wa juu awe amemaliza robo yake, hata kama njia zao si ndefu sawa. Mmoja atatembea, mwingine atakaza mwendo, lakini konani wanaonana.

Mzee Brunner amekishika kikapu akakizungusha. "Nani kakusukia hili kosa?" Nikamwambia ni bibi yangu. Akasema kosa zuri namna hii halijawahi kuingia karakana yake.

Ila, Bibi, mwandiko wako. Mistari imeanza kukanyagana. Unaandikia gizani? Mafuta ya taa yameadimika hivyo?

Mumeo mwenye furaha,
Gwakisa

———

Ileje
29 Aprili 1984

Gwakisa,

Kikapu changu hakijapinda.

Mimi nimesuka vikapu kabla babako hajazaliwa. Nimesuka vya harusi, vya misiba, nimemsukia chifu na nimemsukia mwenyekiti wa kijiji. Mwambie huyo mzee wako kwamba yeye ajue vyuma, vikapu aniachie. Makusudi! Nani anaharibu kazi kwa makusudi? Labda kimepinda ndegeni. Labda baridi ya huko ndiyo iliyokipinda.

Kuhusu mwandiko, hata mwalimu wa kisomo aliulalamikia. Acha.

Roda

———

Uswisi
2 Mei 1984

Bibi mpendwa,

Barua yako bado sijaipata, lakini siwezi kungoja.

Jumamosi Sista Lena alipita kuniona kabla ya kurudi huko. Nikamwonyesha kikapu kwa majivuno, nikamsimulia somo lako. Hakucheka. Akaniuliza, "Bibi yako anaona?" Nikasema anaona hata ninachofikiri. Akanisimulia kwamba siku ya kumpa kikapu ulisema maneno mazuri, ukanyoosha mikono miwili kwa heshima, ukakikabidhi nguzo ya baraza. Yeye alikuwa amesimama pembeni. Alidhani ni utani, maana wewe ni mtu wa utani, akakipokea akacheka, nawe ukacheka.

Nimetoa barua zako zote nikazipanga. Jua lenye ukungu. Wino wa maji. Bibi, hukuvuka zile alama za makaa ili nijifunze. Hukuziona.

Nimeomba ruhusa nirudi nyumbani. Hawanikatazi, ila cheti hakitolewi bila mtihani, na chuma kile atapewa mwingine. Sijali. Chuma si macho. Mwisho wa mwezi huu nitapanda ndege, nitakupeleka Dar es Salaam kwa madaktari wakubwa. Usibishane nami.

Gwakisa

———

SIMU YA MAANDISHI
Tunduma, 23 Mei 1984

USIJE. KATA CHUMA. UKIJA NITAKUFUKUZA NA FIMBO. BARUA IPO NJIANI. RODA

———

Ileje
24 Mei 1984

Mume wangu mjinga,

Athuman kaniambia simu imeondoka, na kwamba karani wa posta aliuliza kama kweli aandike habari ya fimbo. Athuman akamjibu, "Ndugu, huyo bibi akikuta neno limepungua, fimbo itakuja kwako." Sasa nisikilize.

Barua yako alinisomea Yunisi. Alipofika kwenye nguzo akakunja karatasi. Nikamwambia soma. Akasoma. Nikamuuliza, mama Gwakisa, vikapu vyangu vimepinda? Akasema, "Mama, nikuletee maji ya kunywa?" Nikasema sina kiu, vimepinda? Akatoka. Nikamfuata nikipapasa ukuta, nikamkuta kasimama mbele ya ghala la mahindi, anazuia mlango kwa mgongo. Mwanamke ambaye hajawahi kumzuia hata paka! Nikamsogeza. Nikaingiza mikono.

Gwakisa, ghala limejaa vikapu. Vyangu. Tangu mavuno ya mwaka juzi vimerundikwa humo hadi darini. Nilivigusa kimoja kimoja kwa vidole, ubavu kwa ubavu, na vyote vimegeuka kama ulivyosema, kama watu walioitwa kwa nyuma. Kumbe mama yako alikuwa anavibeba kwenda Mlowo mbele yangu, anavirudisha nyumbani kwa njia ya shambani, anarudi kwangu mikono mitupu, "Vimekwisha, mama, watu wamevigombea." Na kijiji kizima kinajua! Mke wa katekista anajua. Balozi wa nyumba kumi anajua. Mkwe ataanzaje kumwambia mkwewe kwamba mkono umemtupa? Hilo kwetu halisemwi. Basi wamelinyamaza kwa adabu, mpaka mtu kutoka Uswisi akalisema bila kujua amesema.

Nilimgombeza. Nikamwambia adabu yako imenifanya kichekesho. Akalia. Akasema, "Ningekwambia, ungeacha kusuka. Ukiacha kusuka utakaa ufanye nini, mama?" Nikampa ncha ya kanga yangu ajifute. Mimi kumfuta mtu machozi, tia alama kwenye kalenda. Tukakaa pale kwenye pumba, mkwe na mkaza mwana, bega kwa bega, tangu aolewe hatujakaa hivyo.

Na mimi nilikuficha kwa nini? Kwa sababu nilikujua. Nilijua ukisikia utaacha chuma uje unishike mkono unizungushe kama mbuzi wa kuuzwa. Sitaki. Kuna watu hapa wanavaa nguo iliyofuliwa kwa majani, na wewe una kinywa cha mashine yao mkononi. Nikifa kipofu nitakuwa nimekufa kipofu. Lakini nikifa nikijua wewe unafagia vyuma kwa ajili yangu, nitarudi kukusumbua.

Sasa nakupa mpango, na huu si wa kujadiliwa. Sista Lena amerudi. Amenichungulia kwa tochi, amesema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na mwezi wa sita daktari wa macho anakuja hospitali ya misheni. Nilikuwa nimekataa kwenda. Sasa nitakwenda. Wewe ukate chuma chako, mimi nikatwe jicho langu, mwezi mmoja. Hakuna wa kumngoja mwenzake na hakuna wa kumpita. Njia yako na yangu hazilingani urefu, najua. Lakini konani tuonane.

Jambo jingine. Makaa hayana faida kwangu tena. Nilikaa nikawaza habari za robo zako. Jana nimechukua pete mpya ya mdomo, nikafunga fundo la ukindu mahali pa kila alama, na fundo jingine kwenye kila ufito wa pembe. Kidole kinakuta fundo, kinasubiri fundo jingine lifike. Nimemwita Yunisi nikamwambia, tazama, na ukiniletea maji nakumwagia. Akakigeuza upande kwa upande. Akasema, "Kimenyooka, mama. Ila kitako umekilegeza."

Umesikia? "Umekilegeza." Kwangu mimi!

Yeye ndiye anaandika barua hii, ninamtajia, na nimemwamuru asipunguze neno.

Roda
(na mimi mama yako, Yunisi. Sikupunguza.)

———

SIMU YA MAANDISHI
Uswisi, 21 Juni 1984

NIMEKATA LEO. UKUTA UMENYOOKA JUU MPAKA CHINI. BRUNNER AMENIPA MKONO. NA WEWE JE. GWAKISA

———

Ileje
15 Julai 1984

Mume wangu Gwakisa,

Barua hii naandika mwenyewe. Angalia mistari, kisha mwambie mwalimu wa kisomo, popote alipo.

Jicho la kushoto limefunguliwa. La kulia litangoja hili lizoee kazi. Daktari alikata siku mbili kabla yako, basi nimekutangulia kidogo, nisamehe, hakutaka kungojea chuma. Sikuona radi. Niliona maji, kama mtu anayetazama juu akiwa chini ya mto. Nilimuuliza anakata na nini. Akasema kisu. Nikamwambia mjukuu wangu anakata kwa uzi, akasema bibi nyamaza usitikisike. Hukunijibu kuhusu samaki, kwa hiyo na hilo nilitaka kumuuliza, akanifunga mdomo kwa mkono wake.

Walipotoa bandeji, cha kwanza nilichokiona ni Yunisi. Amezeeka! Nikamwambia. Akasema, "Na wewe pia, mama." Wagonjwa wodi nzima wakageuka.

Nyumbani nilikwenda moja kwa moja ghalani. Nimeviona. Gwakisa, ni vibaya sana. Vibaya vya kutisha. Kimoja kimepinda mpaka kinafanana na mwenyekiti akitoka kilabuni. Nilikaa nikacheka, kisha nikalia kidogo, kisha nikacheka tena. Nilitaka kuvichoma, Yunisi akakataa, kavitia mbegu za maharage na kavigawa kwa majirani. Kila nyumba ninayoingia sasa nakuta kosa langu linanitazama kutoka kwenye rafu. Nao hawanyamazi tena. Wanasema, "Bibi, karibu, hiki ni cha miaka yako ya kizunguzungu."

Mama yako ameota ulimi. Juzi kaniambia mboga ina chumvi nyingi. Nilinuna mpaka jioni, na moyoni nilikuwa nafurahi.

Ninasuka kingine. Naona fito, naona pete, naona hata vidole vyangu vilivyochakaa. Makaa naweza kuyatumia. Lakini vile vifundo nimeviacha palepale, vinne juu na vinne chini. Macho ni wageni, vifundo ni wenyeji.

Sasa maliza mambo yako huko, funga hicho kinywa kwenye nguo zako usikiweke na jibini, uje. Karakana ikianza kazi, mche wa kwanza wa sabuni ukitoka, usimpelekee mkurugenzi wala mkuu wa wilaya. Niletee mimi. Nitaushika kwenye mwanga wa mlango, nitautazama kwa jicho langu kutoka mwanzo mpaka mwisho, na ukiwa umepinda hata kidogo, nitakwambia.

Mke wako anayekungoja konani,
Roda